Tano na Nusu Kati ya Tisa

Nianze na lawama, maana sifa zake
nimezitangaza miaka thelathini kwa yeyote
aliyekosea akakaa karibu nami harusini.
Ngoma zimerekodiwa vibaya.
Zinalia kama sanduku la viatu
linalopigwa na mtoto aliyenyimwa sukari.
Besi haipo. Jina la mpigaji lipo,
Gerwazy, na picha yake jaladani, nywele hadi kiunoni,
ila besi yenyewe itafute kwa tochi.

Na ule wimbo wa nne, wa mapenzi!
Watu wametoka kuimba chuma na moto mara tatu,
ghafla wanalainika kama siagi dirishani,
kinanda kinaingia kwa kunyata
mithili ya mgeni aliyevaa viatu vya kuazima.
Dada yangu Bożena aliupenda huo tu.
Aliurudisha nyuma kwa kalamu ya risasi
kuokoa betri,
mpaka utepe ukachunika palepale,
nami, mnafiki, nikamgombeza kwa kuharibu
nilichokichukia.

Lakini wimbo wa kwanza.
Lakini wimbo wa kwanza, jamani!
Gita moja, kavu, la mbali,
kama jirani anakwangua ukoko wa sufuria,
halafu la pili,
halafu ukuta mzima unakuangukia
na unajikuta umesimama, hujafa, unacheka.
Zabrze, mwezi Machi, theluji nyeusi kwa masizi,
mimi miaka kumi na sita, chunusi na koti la binamu,
na kwa mara ya kwanza kitu fulani duniani
kilikuwa na hasira kunizidi.
Kilinipumzisha.

Baba alirudi kutoka zamu ya usiku,
macho yamepakwa wanja wa makaa
usiotoka kwa sabuni yoyote.
Nilitegemea mkanda wa suruali.
Alikaa, akavua buti moja, akasikiliza
wimbo wa sita, ule wa dakika nane
juu ya kuzimu na malango yake.
"Hawa vijana wamewahi kushuka?"
Kushuka wapi, baba?
"Chini. Mita mia nane."
Nikasema sidhani.
"Inasikika. Wanapiga kelele.
Kule mtu akiogopa hanyanyui sauti."
Akavua buti la pili.
"Ila yule wa gita anaijua kazi.
Mkono wake hautetereki."

Maneno ya wimbo huo, nakiri, ni ya kitoto:
mafuvu, kunguru, damu, kunguru tena.
Debe tupu, ningesema,
kama lisingevuma vizuri namna ile.

Mwaka jana nimenunua toleo jipya,
limefuliwa, limepigwa pasi.
Besi imepatikana! Gerwazy yu hai,
na kumbe, maskini, aliwapita wote kwa ustadi.
Ilinipasa kufurahi.
Lakini ngoma sasa ni ngoma,
na mimi nalidai sanduku langu la viatu.
Wimbo wa nne unapita mzima, haukwami
pale Bożena alipouchuna,
na bila kukwama kule ni wimbo mbaya tu,
mbaya na msafi.

Haya, hesabu. Wa kwanza, nimekwisha kula kiapo.
Wa pili na wa tatu, ndiyo.
Wa tano ungeishia katikati ningeusifu; haukuishia.
Wa saba na wa nane ni mapacha,
mmoja angetosha; namchukua mmoja, sijali yupi.
Wa tisa, ndiyo, kwa sababu unakatika bila kuaga,
na mimi pia sipendi kuaga.
Hizo ni tano.

Bożena kanipigia simu toka Dortmund:
wa nne umeuacha tena?
Nimeuacha.
Basi hiyo nusu ni ya nini?

Ya wimbo wa sita, nikamwambia.
Si wote. Kipande kile tu
kati ya buti la kwanza na la pili.